Kabla ya kusaini mkataba wa makao ya wazee, tafuteni mwezi ambao fedha zitakwisha

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 82 na amekuwa akiishi peke yake tangu baba alipofariki. Mwaka jana daktari alithibitisha kwamba ana demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na wiki tatu zilizopita alianguka usiku akavunjika nyonga. Amefanyiwa upasuaji, na sasa hospitali inataka kumruhusu, ila inasisitiza kwamba hawezi tena kuishi bila mtu wa kuwa naye. Mimi ninaishi karibu naye na nimeajiriwa. Kaka yangu yuko mbali lakini ana kipato kizuri, na mdogo wetu hana kazi ya kudumu. Mama ana pensheni, akiba kiasi na nyumba yake mwenyewe. Kaka amepata makao ya wazee mazuri sana, na anasema akiba ya mama itatosha zaidi ya miaka mitatu, baada ya hapo "tutaona". Nami niliwahi kumwahidi mama kwamba sitampeleka katika makao kamwe. Tupateje mahali panapomfaa, na tulipeje bila kugombana?

Jibu: Dada msomaji, poleni kwa ajali ya mama. Katika yote uliyoandika, jambo lililonitia wasiwasi kuliko mengine si demensia wala nyonga, bali hilo neno la kaka yako, "tutaona". Mtu mwenye demensia anapohamia mahali papya huchukua muda kuzijua sura za wahudumu, njia ya kwenda msalani na saa za mlo, na mara nyingi siku za mwanzo huwa na wasiwasi, kukataa chakula au kutolala. Akishazoea, mazoea hayo ndiyo yanayomsaidia kuishi siku yake bila hofu. Kumwondoa hapo baada ya miaka miwili kwa sababu akiba imekwisha, wakati ugonjwa umesonga mbele na uwezo wake wa kujifunza mahali papya umepungua zaidi, ni kumtwisha mzigo mzito kuliko ule wa kumwingiza tangu mwanzo katika makao ya kawaida ambayo familia inaweza kuyalipia hadi mwisho. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba swali la mwezi ambao fedha zitakwisha, na nini kitafuata mwezi huo, liulizwe kabla ya swali la bustani na ukubwa wa chumba.

Lakini kabla ya hesabu, msikubali kuharakishwa. Hospitali ina haki ya kutaka kitanda chake, na nanyi mna haki ya kuuliza kama hali mnayoiona leo ndiyo hali yake ya kudumu. Mzee mwenye demensia aliyevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji yuko katika hatari kubwa ya kuchanganyikiwa kwa ghafla: anakuwa hatulii, anaona vitu visivyokuwepo, au kinyume chake analala mchana kutwa na haitiki. Hali hiyo ni tofauti na demensia yenyewe. Mara nyingi husababishwa au kuzidishwa na maumivu yasiyotibiwa vya kutosha, maambukizi, ukosefu wa maji mwilini, kufunga choo, mkojo kuziba au dawa fulani, na inaweza kuchukua siku au wiki kadhaa kupungua. Kutembea nako huendelea kurejea kwa miezi kadhaa endapo atapata mazoezi ya viungo, ingawa wazee wengi hawarudi kikamilifu pale walipokuwa kabla ya kuanguka. Mwulizeni daktari sababu hizo moja baada ya nyingine, na mwombeni yeye au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali awaeleze kama kuna kituo cha mazoezi ya kurejesha uwezo, au makao yanayopokea wazee kwa muda mfupi. Kukaa kwa muda wa wiki sita hadi nane kunawapa nafasi ya kumpima mama alivyo hasa, tofauti na alivyoonekana akiwa kitandani na kidonda kibichi. Mkataba wa kudumu uliosainiwa kando ya kitanda cha hospitali huwa umesainiwa na watu waliochoka.

Kumpima mama kuna utaratibu wake. Tangu mwaka 1963, daktari Sidney Katz na wenzake walipochapisha kipimo chao, wataalamu hutazama mambo sita ya msingi: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka na kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 watafiti Lawton na Brody waliongeza shughuli ngumu zaidi, kama kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kunywa dawa kwa wakati na kusimamia fedha. Kwa mama yako hizi za pili huenda zimeshapotea kwa sehemu kubwa, na si ajabu ndizo zilizowashtua kwanza. Zitakazoamua aina ya makao na bei yake ni zile sita. Kwa kila moja, msiandike tu "anaweza" au "hawezi". Andikeni kama anaifanya peke yake, anaifanya akikumbushwa, anahitaji mkono wa mtu mmoja, au anahitaji watu wawili. Mzee anayehitaji watu wawili kumhamisha kutoka kitandani ni mzee mwingine kabisa machoni pa mwenye makao, na ada yake hupanda ipasavyo. Andikeni pia usiku wake: anaamka mara ngapi, anatoka kitandani, anatafuta mlango, anamwita marehemu baba yenu? Familia nyingi zinapoeleza hali ya mzee huusahau usiku, na usiku ndio unaofanya makao yakatae kumpokea au yamrudishe baada ya mwezi mmoja.

Orodha hiyo ndiyo itakayojibu pia kama kuna njia ya kumtunza nyumbani. Wiki ina saa 168. Mhudumu mmoja akifanya kazi saa 40 kwa wiki, mtahitaji zaidi ya wahudumu wanne ili mama asibaki peke yake hata saa moja, na ukiweka likizo na siku za kuugua, ni watano. Kwa sababu hiyo, matunzo ya nyumbani huwa nafuu pale mzee anapohitaji saa chache kwa siku, na huwa ghali kuliko makao pale anapohitaji mtu usiku na mchana. Kinachoyafanya yaonekane nafuu mara nyingi ni binti anayefanya kazi hiyo bila malipo, tena baada ya kutoka kazini kwake. Ikiwa mama, baada ya wiki hizo za mazoezi, ataweza kulala usiku kucha na kuhitaji msaada asubuhi na jioni tu, basi nyumbani kunawezekana, na fedha zake zitadumu zaidi. Ikiwa anaamka na kutembeatembea usiku na ameshavunjika nyonga mara moja, sioni namna ambavyo mtu mmoja mwenye ajira anaweza kumlinda.

Hapo ndipo ahadi yako inapoingia. Ulimwahidi mama aliyekuwa anajiweza, nanyi wawili mlikuwa mkizungumzia maisha ambayo hayapo tena. Naamini alichokiogopa ni kutupwa, na hilo bado liko mikononi mwako kulizuia. Sikushauri umdanganye kwamba anakwenda mapumzikoni, wala usimrudie kila siku na habari ya kuhama ambayo ataisahau na kuumia upya kila akiisikia. Mwambie kwa maneno machache kwamba daktari anataka awe mahali penye wauguzi ili mguu upone, jambo ambalo ni kweli, kisha umruhusu achague kile kinachochagulika: kiti chake, picha zake, shuka zake, upande wa kitanda.

Sasa twende kwenye fedha. Ili tusifungwe na sarafu ya nchi yoyote, chukua ada ya mwezi ya makao aliyopata kaka yako kuwa 100. Tuseme pensheni ya mama ni 45 na akiba yake ni 2,100. Kaka anatoa 45 kwenye 100, anapata pengo la 55, anagawanya akiba kwa 55 na kupata miezi 38. Hiyo ndiyo miaka yake mitatu na ushei, na kwa hesabu ya karatasini hajakosea. Alichoacha ni vitu vitatu. Kwanza, ada inayotangazwa si gharama yote. Nepi za watu wazima, dawa zisizolipiwa na bima, mazoezi ya viungo, kufua nguo maalumu, kunyolewa na kusukwa, usafiri wa kwenda kliniki na mhudumu wa kumsindikiza huongezwa juu ya ada hiyo. Tuseme vinafika 15. Pengo sasa ni 70, na akiba inatosha miezi 30. Pili, ada hupanda karibu kila mwaka, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama za makao ni mishahara, wakati pensheni mara nyingi haipandi kwa kasi hiyo. Ukiweka ongezeko la asilimia 6 kwa mwaka na pensheni ikabaki palepale, miezi 30 inakuwa 28. Tatu, kuna malipo ya kuingia: dhamana, samani, vifaa. Yakichukua 140 kwenye akiba, mmebaki na miezi 26. Kati ya hesabu ya kaka yako na hii kuna tofauti ya mwaka mzima, na bado hatujagusa uwezekano kwamba hali yake ikizidi, makao yatampandisha daraja la ada.

Rudieni hesabu hiyohiyo mkiongeza kodi ya nyumba ya mama. Ikiwa inaweza kupangishwa na, baada ya matengenezo, kodi za serikali na miezi ya kukaa tupu, ikabaki 35 kwa mwezi, akiba itafika karibu miezi 44. Kisha chukueni makao ya ada 75 badala ya 100, vingine vyote vikibaki vilevile: fedha zitadumu zaidi ya miaka sita. Kupunguza robo ya ada hakukuongeza robo ya muda, kwa sababu kinachokula akiba ni lile pengo peke yake, na pengo limeshuka kutoka 35 hadi 10 katika mwaka wa kwanza. Namba hizi ni za mfano, lakini umbo la hesabu litakuwa hilohilo kwenu. Mketi na namba zenu halisi jioni moja, kaka yako akiwa kwenye simu, na kila mmoja aone mwezi wa mwisho unaangukia wapi.

Mtaniuliza mpange kwa miaka mingapi. Hakuna daktari atakayekuambia mama ana miaka mingapi mbele yake, na wastani wowote utakaopewa ni mtego, kwa maana wengi huishi kupita wastani huo. Kwa mama wa miaka 82 ambaye moyo na mapafu yake ni mazima, ningepanga kwa miaka sita au saba. Akiba ikibaki, hakuna atakayelalamika.

Kuhusu msaada wa serikali na bima, mifumo inatofautiana mno, ila tofauti zenyewe zinafundisha nini cha kuuliza. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya matunzo mwaka 1995, na tangu mwaka 2017 mhitaji hupangwa katika moja ya madaraja matano. Bima hiyo inalipa sehemu tu ya gharama za makao, na mzee hulipa kilichobaki. Japani ilianza yake mwaka 2000, na watu huichangia tangu wanapofikisha umri wa miaka 40. Uingereza huduma za afya za umma ni bure kwa mgonjwa, lakini matunzo ya makao hupimwa kwa mali ya mtu, na nyumba yake inaweza kuhesabiwa iwapo hakuna mwenza wake anayeendelea kuishi humo. Marekani, bima ya afya ya wazee iitwayo Medicare hulipia kituo cha uuguzi kwa muda usiozidi siku 100 kwa kila kipindi cha ugonjwa, tena kwa masharti na mgonjwa akichangia baada ya siku 20 za kwanza, na haikuundwa kulipia kukaa kwa kudumu. Msaada wa kudumu hutoka kwenye mpango wa Medicaid, ambao ni wa wenye mali kidogo, na ambao kwa kawaida hukagua mali zilizogawiwa katika miezi 60 iliyotangulia.

Uzi unaopita katika yote hayo ni mpaka kati ya tiba na matunzo. Kufunga kidonda, kuweka mpira wa mkojo na mazoezi baada ya upasuaji huhesabiwa kuwa tiba, na mara nyingi kuna anayevilipia. Kuogeshwa, kulishwa na kulindwa usiku huhesabiwa kuwa matunzo, na huangukia mfuko wa mzee na watoto wake. Kwa hiyo katika nchi yenu ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii, mfuko wa pensheni na kampuni ya bima maswali haya: nani analipia sehemu ya uuguzi, kuna nyongeza yoyote kwa mzee asiyejiweza, nyumba ya mama itahesabiwa kuwa mali ya kulipia, na wanarudi nyuma miaka mingapi kukagua zawadi. Ombeni majibu kwa maandishi. Swali la mwisho nimeliweka kwa makusudi, kwani katika vikao vya familia huwa hakosekani mjomba au rafiki anayeshauri nyumba iandikwe haraka jina la mtoto mmoja ili "isiliwe na makao". Mahali ambapo serikali hupima mali, uhamisho wa namna hiyo unaweza kumnyima mama msaada. Mahali ambapo haipimi, unaweza kuwanyima ninyi njia pekee ya kumlipia, iwapo mtoto aliyeandikwa atakuwa na madeni, talaka au moyo uliobadilika.

Kuiuza nyumba nako msikufanye katika miezi ya kwanza. Hamjajua bado kama mama atarudi, na nyumba inayouzwa kwa haraka huuzwa kwa hasara. Lakini iwe kuuza au kupangisha, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kufanya hivyo leo, hata kama ninyi ni watoto wake wa kuzaa. Mamlaka hayo hutolewa na mama mwenyewe kwa hati ya uwakilishi wa kisheria, na dirisha la kuyatoa linafungwa jinsi ugonjwa unavyosonga. Demensia peke yake haimwondolei mtu uwezo wa kisheria. Uwezo hupimwa kwa uamuzi husika, na mtu aliyeshindwa kusimamia akaunti yake anaweza bado kuelewa vizuri kwamba anamteua binti yake amsimamie. Subirini lile wimbi la kuchanganyikiwa baada ya upasuaji lipungue, mchague saa yake nzuri ya siku, daktari aandike maoni yake kuhusu uwezo wake, na mwanasheria azungumze naye faragha bila ninyi kuwepo. Mkumbusheni mwanasheria kwamba mnahitaji hati itakayoendelea kuwa na nguvu hata mama atakapopoteza uwezo, kwani katika nchi nyingi hati ya kawaida hufa hapo hapo ambapo ingehitajika zaidi. Mkichelewa, njia itakayobaki ni kuiomba mahakama imteue msimamizi, nayo ni ndefu na ina gharama. Katika mambo yote niliyoyagusa katika jibu hili, hili ndilo ambalo ningelianza wiki hii.

Mgawanyo kati yenu watatu hautakuwa sawa, na kujaribu kuufanya uwe sawa ndiko kunakoleta ugomvi. Kaka ana fedha na hana saa, wewe una saa chache, na mdogo wenu ana saa nyingi na hana fedha. Andikeni makubaliano mafupi yanayoutambua ukweli huo: mali ya mama hutumika kwanza, na michango ya watoto inaziba pengo tu. Kaka aseme kiwango ambacho ana hakika anaweza kukitoa kwa miaka sita, hata kama ni kidogo kuliko anachotamani kuahidi leo. Wewe ushike hati na mawasiliano na makao. Mdogo wenu afanye ziara za katikati ya wiki na kumsindikiza mama kliniki, na alipwe nauli, na ikiwezekana posho, kutoka fedha za mama, jambo hilo likiandikwa wazi ili baadaye asihesabiwe kuwa alikuwa akimla mama yake. Fungueni akaunti moja ambayo pensheni na kodi zinaingia na ada inatoka, na taarifa yake ya mwezi iwafikie wote watatu. Mkubaliane pia mapema kama michango ya kaka ni zawadi au ni deni litakaloondolewa kwenye urithi. Nimeona familia zilizovumilia miaka ya kuuguza kwa upendo zikavunjika mwezi mmoja baada ya mazishi kwa sababu jambo hilo halikusemwa.

Mkishajua kiasi mnachoweza kulipa, ndipo mkatafute makao, na mtafute kwa kwenda wenyewe. Anzeni na leseni na taarifa za ukaguzi pale zinapotolewa kwa umma, kisha mtembelee makao matatu au manne. Ziara ya kwanza mwombe miadi, ya pili mwende bila kutoa taarifa, saa ya chakula cha jioni au mwisho wa wiki, wakati meneja hayupo. Kaeni ukumbini bila haraka na mtazame. Mzee anapoita, inachukua muda gani mtu kufika? Mhudumu anayemlisha ameketi usawa wa macho yake, au amesimama akitazama pembeni? Wahudumu wanawaita wazee kwa majina na heshima zao, au kwa namba za vyumba? Harufu ya mkojo chumbani kwa mtu mmoja asubuhi si kosa. Harufu hiyo ikiwa ukumbini, kwenye viti na mapazia, ni ushahidi wa nepi zisizobadilishwa. Ulizeni usiku kuna wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na miongoni mwao yupo muuguzi aliyesomea. Ulizeni wahudumu wa kawaida, si meneja, wamefanya kazi hapo kwa muda gani, kwa sababu makao ambayo wahudumu wake wanaondoka kila baada ya miezi michache hayawezi kumjua mama yako hata yangekuwa na sakafu ya marumaru.

Kwa mwenye demensia kuna maswali ya ziada. Anayetembeatembea wanamfanyaje: wana njia salama ya kuzungukia na uzio, au wanamfunga kitini? Anayepiga kelele jioni wanamtuliza vipi? Jibu la kwanza likiwa ni dawa za usingizi au dawa za magonjwa ya akili, ondokeni, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huongeza hatari ya kuanguka, kiharusi na kifo kwa wazee wenye demensia, na hutumika kwa uangalifu baada ya njia nyingine kushindwa. Ulizeni kama wazee hupimwa uzito kila mwezi na kumbukumbu kuwekwa, na wasioweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kwa ratiba gani, kwani mzee anayekonda bila maelezo na vidonda vya kulalia ni mambo yanayosema ukweli kuhusu makao kuliko kijitabu chochote cha matangazo. Ulizeni pia kama wana uwezo wa kumtunza atakapokuwa wa kitandani hadi kufariki, au watawataka mumhamishe. Hilo ni tawi la pili la swali la mwezi wa mwisho.

Hatimaye mkataba. Uchukueni nyumbani, msiusome dawatini kwao. Tafuteni humo nini kimo ndani ya ada na nini kinatozwa pembeni, ada inaweza kupandishwa mara ngapi na kwa notisi ya muda gani, mnalipa kiasi gani mama akilazwa hospitali wiki mbili, ada inahesabiwa kwa siku ngapi baada ya kifo, na dhamana inarudishwa lini. Tafuteni pia sababu zinazowaruhusu kumtoa, na nini hufanyika fedha zikipungua: wanapokea malipo ya serikali pale yalipo, wana vyumba vya bei ya chini katika jengo hilohilo, au wanatoa notisi ya mwezi mmoja? Jibu la mdomo, hata likitolewa kwa tabasamu, halihesabiki, na meneja aliyekujibu vizuri leo huenda asiwepo mwaka ujao. Mwombeni alitie kwenye mkataba au kwenye barua iliyoambatanishwa.

Na mtakapofika kwenye mstari wa saini, someni kwa makini umeandikwa nini chini yake. Ukisaini kama mwakilishi wa mama, mdaiwa ni mama na mali yake. Ukisaini kama mdhamini, mdaiwa ni wewe, kwa mshahara wako na nyumba yako, na kwa deni ambalo hujui litafika wapi. Saini ukiandika wazi kwamba unafanya hivyo kwa niaba yake. Makao yakishikilia kwamba lazima awepo mdhamini, kama sheria ya kwenu inaruhusu, adhamini kaka mwenye kipato, na dhamana hiyo iwe na kikomo, kwa mfano ada ya miezi mitatu, iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.